Ungo wa Asiyepepeta

Nimeacha kazi. Kifua kimekataa vumbi, na mimi sikukibishia. Tumekaa pamoja muda mrefu mno kuja kugombana uzeeni. Ninyi mliobaki ghalani mliniambia, "Bi Mishi, tuachie maneno." Maneno ya mdomo ghalani hupotea katika kelele za mahamali wabebao magunia, basi naandika. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile nilizofundishwa kabla ya kutolewa kwenda kutwanga, kwa hiyo asinicheke mtu kwa mwandiko kupinda. Mwenye kujua kusoma awasomee wasiojua, na asiongeze chumvi yake. Iliyomo yatosha.

Habari za nani alipandishwa na nani alilipwa nini hamtazipata hapa. Mwanamke wa ghalani hapandi popote ila juu ya magunia.

Siku ya kwanza nilikuja na Bakari mgongoni. Baba yake alikuwa ameniacha, na katika vyombo vya nyumba hakuniachia hata mkeka wa kumlaza mtoto. Ghala lilikuwa hili hili, hapa Mombasa, ukitoka Ndia Kuu ukishuka upande wa bandarini, na lango lile lile ambalo mpaka leo halifungiki mpaka ulipige teke. Reli ilikuwa bado haijaja. Wazungu walikuwa wachache, ukiwajua kwa kofia zao. Mkubwa wa wapepetaji wakati huo alikuwa Bi Mwanatumu, mwanamke mwembamba kama mwiko, jicho lake moja limeingia ukungu na la pili likifanya kazi ya mawili.

Akaniuliza, "Wajua kupepeta?"

"Najua."

"Kila mwanamke asema ajua. Hata wale waliopewa talaka kwa ajili ya mawe kwenye wali."

Wanawake wakacheka mpaka nikatamani kurudi nyumbani. Lakini nyumbani hapakuwa na kitu cha kurudia. Bi Mwanatumu akanyoosha mkono ukutani akatoa ungo uliokuwa umetazama ukuta, akanipa.

"Huu ulikuwa wa Bi Rehema. Arubaini yake imekwisha. Usiuogope, mwenyewe alikuwa na mkono mzuri."

Ninyi mmeukuta ukuta ule mkadhani uko vile tangu dunia kuumbwa. Nawaambia ulivyo. Kila mwanamke ana msumari wake na ungo wake. Akifika asubuhi, augeuza ungo utazame watu. Akienda zake jioni, augeuza utazame ukuta. Karani huja, husimama mlangoni, huhesabu nyungo zinazotazama, huandika, ndipo tunaziteremsha tukaanza kazi. Mwanamke akifa, ungo wake hukaa umetazama ukuta mpaka arubaini ipite, kisha hupewa mgeni. Hatuhesabiwi sisi. Zahesabiwa nyungo. Bi Mwanatumu alinieleza siku ile ile, mate yake yakinirukia usoni: "Watu hawahesabiwi. Mwenye kuhesabu watu awaonyesha mlango wa kutokea." Kwetu mkimwuliza mama ana watoto wangapi, atawaambia Mungu amempa kidogo. Mkitaka kujua zaidi, hesabuni sahani.

Kazi yenyewe mwaijua, sitawachosha. Nitasema kuhusu pishi tu, kwa sababu wasichana wa siku hizi mwaipima kwa haraka kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Pishi ile ya mti, yenye ukingo wa chuma, ina vipimo viwili. Kuna tele, ambapo nafaka hupanda juu kama kilima mpaka ianze kumwagika. Kuna mfuto, ambapo wapitisha kijiti juu yake ikawa sawa na ukingo. Nyumba kubwa hununua kwa tele na kuuza kwa mfuto. Mkiiona roshani yenye nakshi nzuri hapa mjini, jueni imechongwa kwa kijiti cha kufutia. Na pishi ya kwanza haiitwi moja. Bi Mwanatumu aliimwaga guniani akisema, "Mmoja ni Mungu," kisha mbili, kisha tatu, na kila kumi akiweka kokwa ya tende kando. Ukisema moja, alikupiga kibao cha mkono, ukaanza upya.

Bakari alikulia katikati ya magunia hayo. Nilimlaza kwenye mtama, akaamka kwenye kunde. Kokwa za tende ndizo zilikuwa mchezo wake, akizipanga na kuzipangua. Kabla hajajua kufunga shuka vizuri alikuwa akisikia sauti ya Bi Mwanatumu akipima, naye akisimamisha mchezo na kusema, "Bibi, umeruka." Bi Mwanatumu alikuwa akimtukana kisha akahesabu tena. Na kweli alikuwa ameruka. Baada ya hapo alimwita "mume wangu" na kumletea kaimati.

Basi nilisema moyoni, huyu hatabeba gunia. Huyu ataketi kitini, kalamu sikioni, na watu watamngoja amalize kuandika ndipo waseme. Nililitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka maji. Nalisema wazi, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Nilimtia chuoni akakhitimu. Mwalimu wake wa Kibokoni akamfundisha hesabu za mirathi, zile ngumu. Mtu akifa akaacha wake wawili na binti na ndugu wa baba mmoja, Bakari aliwagawia kichwani kabla maiti hajaoshwa. Karani wetu wa wakati ule, mzee wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, alimpenda akamfundisha hesabu za kwao na namna ya kufunga hesabu za mwaka. Kisha nikampeleka ng'ambo ya Kisauni, kwenye shule ya misheni, akajifunza Kiingereza na hesabu ya Kizungu ya pande mbili, huku kilichoingia na huku kilichotoka. Majirani walinijia mlangoni.

"Mishi, mwanao atabatizwa!"

"Hesabu haina dini," niliwajibu. "Tatu ni tatu Kisauni, na tatu ni tatu Makadara kwetu."

"Na akirudi na jina la Yohana?"

"Nitamwita Yohana aje kula, na atakuja."

Hakurudi na jina la mtu. Alirudi na hesabu za watu watatu, Mwarabu, Mhindi na Mzungu, zote katika kichwa kimoja. Nilimshonea kanzu mpya. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mlango wa kwanza aliobisha kuomba kazi ulikuwa hapa hapa ghalani. Yule karani mzee alitaka kurudi kwao akafie kwa ndugu zake. Kiti kikawa wazi. Bakari akaenda kwa tajiri mwenye ghala, nami nikapepeta karibu na chumba chake nisipoteze neno.

Tajiri hakuwa mtu mwongo, na hilo namhesabia. Akasema, "Bakari, mkono wako ni mzuri kuliko wa mtu yeyote niliye naye. Lakini mtoto wa dada yangu yuwaja kwa meli kutoka Kachi, kwetu Bara Hindi."

"Ajua hesabu?"

"Atajifunza."

"Nani atamfundisha?"

Tajiri alitazama chini, akazungusha pete yake kidoleni, kisha akamtazama.

"Wewe," akasema.

Na alimfundisha. Hirji ndilo jina la kijana huyo, ninyi mwamjua, ndiye karani wenu hadi leo. Alikuja amekonda kwa kichefuchefu cha bahari, hajui mtama wala mawele, akilia kwa kumkumbuka mamake. Bakari aliketi chini, Hirji aliketi kitini, na aliyeketi chini akamwambia aliyeketi juu la kuandika. Hawakuchukiana. Nami nilimchukia kwa niaba ya mwanangu, kisha siku moja nikamwona anakula embe kwa chumvi na Bakari nyuma ya ghala, wote wawili nyuso zimepakaa maji ya embe, nikashindwa kumchukia.

Mlango wa pili ulikuwa ofisi moja ya ushuru, mkuu wake mtu wa nyumba za mawe, wa ukoo mkubwa. Alimpokea vizuri, kahawa ikaletwa. Akamwuliza, "Baba yako ni nani?" Bakari akamtaja. "Na baba yake?" Akamtaja. "Na mama?" Hapo Bakari angeweza kusema uongo, Mombasa imejaa nasaba za kununua, lakini akasema kweli, kwamba mama ni Mishi wa ghalani, na mama yake Mishi alikuwa mzalia. Mtumwa aliyezaliwa nyumbani, kwa wasiojua. Yule bwana akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hesabu zako sina shaka nazo. Lakini waungwana watakuja kutoa ushuru wao mbele ya mtoto wa mpepetaji? Watasema nimewatukana."

Bakari aliniletea maneno hayo nikiwa nakuna nazi. Nikamwambia angemwuliza mkate aliokula asubuhi ile, unga wake nani aliupepeta. Akasema, "Mama, mimi nilitaka kazi, sikutaka kushinda."

Mlango wa tatu ulikuwa wa misheni, walimtaka, ila kwanza abatizwe. Akawashukuru. Mlango wa nne ulikuwa kampuni ya Kizungu kule Kilindini. Alipokwenda na kanzu, waliomtangulia wakamwambia huku huvaliwa suruali. Nikauza bangili, tukapata suruali. Njiani akapishana na mwalimu wake wa Kibokoni, naye mwalimu akamwuliza, "Kanzu umeiacha wapi, Bakari? Kisauni?" Basi ndivyo alivyoingia mle, ameaibishwa na suruali kabla hajaaibishwa na Mzungu. Walimpa karatasi ya kujumlisha, ndefu kama kilemba. Alianza kwa kunong'ona, "Mmoja ni Mungu," Mzungu akamwuliza kama ana homa. Alipomaliza, Mzungu aliikagua akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sawa kabisa. Sasa nipe cheti cha mwajiri wako wa mwisho."

"Sijapata kuajiriwa, bwana."

"Sichukui mtu asiyewahi kufanya kazi hii."

Alirudi kwa tajiri kumwomba aandike kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Hirji. Tajiri alishika kalamu, akaiweka. Angeandikaje kwa mkono wake kwamba mpwa wake alifundishwa na mtoto wa mpepetaji? Akampa kipande cha bafta, nguo nyeupe ya pamba, badala yake. Bafta nzuri, sikatai. Ninayo mpaka leo, sikuikata.

Milango mingine siitaji, yafanana. Mwenye kutaka Mgoa, Mhindi wa Goa, alimwambia yeye si Mgoa. Mwenye kutaka mdhamini wa nyumba ya mawe alimwambia alete hati, na sisi nyumba yetu ni makuti. Kanzu ile niliifua na kuipiga pasi mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Wenzake wakaanza kumwita "Bwana Karani" kwa mzaha, wakiwa barazani, "Shikamoo Bwana Karani, leo umeandika nini?" Naye akawaandikia barua zao bure, wale wale. Bi Mwanatumu alikufa katika miaka hiyo. Katika maneno yake ya mwisho aliuliza, "Mume wangu amepata kiti?" Nikamwambia ndiyo. Nikaugeuza ungo wake ukutani kwa mkono wangu, na baada ya arubaini nikachukua nafasi yake, jambo ambalo nimesema sitalieleza.

Tena palikuwa na Halima, binti wa mshona makubazi, viatu vya ngozi, wa mtaa wa Kuze. Bakari alimtaka na yeye alimtaka. Babake aliniambia mbele ya watu, sindano mdomoni, "Bi Mishi, mwanao namheshimu. Lakini binti yangu hatakula kalamu." Mwaka ukapita, na mwingine, Halima akakataa posa za wengine, babake akaacha kumjibu Bakari salamu.

Ndipo vikaja vita vya Wazungu na Mjarumani. Mimi sijui waligombania nini, na sijakutana na mtu anayejua. Najua walitaka wapagazi. Waliwakusanya mashambani na mijini, waliotaka na wasiotaka, wakapelekwa bara kwa reli kubebea jeshi mizigo. Siku moja Bakari akaingia ghalani mbio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto.

"Mama, nimepata!"

Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajasema nini. Nikamvuta kando.

"Umepata nini?"

"Kazi. Karani wa kambi, huko bara. Wamenipa siku hiyo hiyo, hawakuuliza cheti wala babu."

"Karani wa kuhesabu nini?"

Akaanza kufuta vumbi kwenye suruali ile.

"Bakari, kuhesabu nini?"

"Wapagazi, mama."

Nikaketi juu ya gunia. Nikamwambia maneno ya Bi Mwanatumu, kwamba watu hawahesabiwi, na kwamba yeye ayajua tangu yuko mgongoni. Akachuchumaa mbele yangu kama zamani.

"Mamangu, sikiliza. Nimetafuta tangu ndevu hazijaota. Halima ananingoja. Nami sitawahesabu watu. Kila mpagazi amepewa blanketi lake. Asubuhi nitahesabu mablanketi." Akatabasamu. "Kama nyungo."

Alikuwa ametafuta njia ya kunitii na kunishinda kwa pamoja. Babake Halima akatoa sindano mdomoni akasema karibu. Harusi ikafanywa kwa haraka, pilau bila zabibu, na bwana harusi akaondoka kwa gari la moshi akiwa na kalamu sikioni. Nilimwona kwa macho yangu. Sikulia, nilijivuna. Nilitembea Ndia Kuu nzima nikisema hata kwa wasioniuliza, "Mwanangu ni karani."

Halima akazaa mtoto wa kike, wakampa jina langu. Barua zilikuja mbili tatu, za salamu tu, kisha zikakatika. Waliorudi kutoka bara hawakutaka kusema. Ukimwuliza mtu habari za huko, alikuomba maji.

Bakari alirudi wakati wa baridi ya kusi, asubuhi ya mvua. Wanawake walidhani ni maskini amekuja kuomba pumba, na mmoja wenu akamwendea na kibaba kumpa. Mimi nilimjua kwa namna alivyosimama mbali na pishi, asiivuke, kama tulivyomfunza utotoni. Alikuwa amekwisha. Mashavu yameingia ndani, miguu imevimba, shati moja limeloa mgongoni, anatetemeka. Nikamkimbilia, na neno la kwanza lililonitoka, kwa kuuona mtetemeko ule, lilikuwa hili:

"Mwanangu, blanketi lako li wapi?"

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamweka chini.

"Hata wewe, mama," akasema. "Hata wewe."

Nilimfunika magunia. Akanieleza pale pale, wenzenu wamesikia, kwa hiyo nisipoyaeleza vizuri wataniongezea.

Alisema kambini watu walikufa kwa kuhara, kwa baridi na kwa chakula wasichokijua, unga uliopikwa nusu. Amri ilikuwa maiti wazikwe upesi, shimo moja, na mablanketi yarudi stoo kwa ajili ya wapagazi wapya wanaokuja. Akafa mtu wa Likoni, Mwislamu, ambaye usiku na mchana alikuwa akiomba asizikwe bila sanda. Sanda haikuwako. Bakari akawaambia waliomchimbia wamvike blanketi lake. Kesho yake akafa Mgiriama.

"Huyo hakuwa Mwislamu," nilisema.

"Sikuuliza, mama. Baridi ilikuwa moja."

Akaendelea hivyo. Kila aliyekufa akaenda na blanketi lake. Na kila asubuhi Bakari alihesabu mablanketi yaliyobaki akaandika kweli, kwa sababu yeye hajui kuandika uongo, na hilo ni kosa langu la malezi. Siku ikafika bwana mkubwa wa kambi akaikagua hesabu, akamwita.

"Mablanketi yanapungua. Nani anaiba?"

"Hakuna anayeiba, bwana. Yamekwenda na wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Chini."

"Watu ni hesabu nyingine," bwana akasema. "Mimi nakuuliza mablanketi."

Akamwamuru afanye vitabu viwili, watu na chao, mablanketi na chao, na yale yaliyopungua ayaandike kuwa yameibwa na wapagazi walio hai, wakatwe mishahara. Bakari akasema hesabu yake ni moja, haigawanyiki. Bwana akaichukua kalamu kutoka sikioni mwake akaivunja. Akafukuzwa siku ile, bila cheti, na mbele ya makarani wenzake akaambiwa, "Wewe hujui hesabu." Blanketi lake mwenyewe alimfunika mtu aliyemkuta amelala kando ya reli. Hakungoja kujua kama yu hai.

Alipofika hapo alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu kama gamba.

"Mama, hesabu ilikuwa sawa. Naweza kukuambia kila blanketi liko juu ya nani. Hata moja halikupotea."

"Najua, baba."

"Mimi najua hesabu."

"Wajua, baba. Wajua."

Alikaa nyumbani, mwanawe amemkalia tumboni akimvuta ndevu. Kila nilipompelekea uji alisema akipata nguvu atakwenda Kilindini tena, sasa amewahi kufanya kazi hiyo. Mara moja alinitaka nimpigie pasi suruali. Nikampigia. Alifariki kabla ya adhuhuri, siku ya Jumatatu, na suruali imekunjwa kichwani pake. Nilitoa sanda mpya, nyeupe, ya kutosha. Niliambiwa waliomsindikiza walikuwa wengi. Sikuuliza wangapi.

Sikurudi ghalani mpaka arubaini yake. Asubuhi hiyo nilikwenda kuugeuza ungo wangu, nikaona karibu yake msumari mpya, na juu ya msumari ungo mpya usiowahi kuguswa na mtama, umetazama watu. Nikadhani mmeajiri msichana. Nikawatazama, kila mmoja akajifanya anafunga kanga.

Hirji akaja na kitabu chake, akasimama mlangoni. Akahesabu kwa kidole, akafika pale akakwama.

"Huu wa nani?"

Mwanakombo, wewe ndiye uliyejibu, usikatae sasa. Ulisema, "Wa karani."

Nilidhani Hirji atakasirika, kwa kuwa karani ni yeye. Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kisha akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo, na alipoufikia ungo ule kidole hakikusita. Akaandika. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nilipofika niliukuta umekwisha kugeuzwa. Sikuwahi kuuliza ni nani anayewahi kuliko mimi, na ninyi hamkuwahi kusema. Tajiri amezeeka, lakini macho ya kitabuni hayajamzeekea. Aliwahi kushuka mwenyewe akamwambia mpwa wake, "Hirji, wanawake na nyungo havilingani. Umezidisha mmoja."

"Vinalingana, mjomba," Hirji akamjibu, hakuinua kichwa. "Mimi nilifundishwa hesabu na mtu anayejua."

Tajiri alizungusha pete yake kidoleni. Akapanda ngazi, hakushuka tena kwa jambo hilo.

Haya ndiyo niliyo nayo. Mjukuu wangu Mishi yuko hapa anapanga kokwa za tende juu ya karatasi hii ninayoiandika, na amenisimamisha mara mbili kuniambia nimeruka. Ni mtoto wa babake. Nitampeleka wapi na kichwa hicho, sijui. Naona milango ile ile, na yeye ni mwanamke juu yake.

Ungo wangu ugeuzeni ukutani, lakini msiuhesabie arubaini. Mimi sijafa, nimeketi tu. Akija msichana mwenye mkono mzuri mpeni, na kama ameachwa kwa mawe kwenye wali mpeni vilevile. Nasikia wanataka kuwapa vibati vyenye namba mvae shingoni, muhesabiwe vichwa kama kule kambini. Kataeni. Mkiulizwa mko wangapi, onyesheni ukuta.

Na ule wa Bakari uwe wa kwanza kugeuzwa, kabla lango halijafunguliwa kwa mahamali. Alichelewa mno kupata kazi. Asichelewe kufika.